Fundi na Mteja Wake: Habari za Ufundi wa Mikono na Ushirika, Tangu Tanuru za Ufipa Hata Pwani ya Ikola

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu, msomaji atakuta habari nyingi za mazao, za mizani, za hisa na za mikutano mikuu, na ni haki yake kuzikuta, kwa kuwa ndizo zilizotukutanisha. Mimi nimeombwa niandike historia, nami nimechagua historia ya watu ambao aghalabu hawatajwi katika vitabu vya namna hii, yaani mafundi. Nasema juu ya seremala wa mitumbwi, mfumaji wa nyavu, msusi wa mikeka na vikapu, mfua chuma, mchongaji na mchoraji. Mkulima huleta gunia lake ghalani likapimwa. Mvuvi huleta dagaa wake. Fundi huleta nini? Huleta kitu kilichokuwa hakipo mpaka alipokifikiri, tena mara nyingi hakileti ghalani, bali hukipeleka kwa mtu mmoja aliyekiagiza. Na kwa sababu hiyo mizani yetu haijui namna ya kumpima.

Swali ninalotaka kulichungua ni hili. Kwa nini ufundi fulani, uliokuwa bora wa kusifiwa, ulikufa mikononi mwa wenyewe, na ufundi mwingine, ulioanza juzi tu, umewalisha mafundi na watoto wao hata leo? Jibu ambalo wengi hulitoa upesi ni kwamba wa kwanza walikuwa na vitu duni na wa pili wana vitu bora. Jibu hilo si kweli, nasi wa Ikola hatuna haja ya kusafiri mbali ili kuona kwamba si kweli.

Kusini yetu, ukishaipita Karema na kupanda nyanda za juu, ndiyo Ufipa. Huko mpaka leo mtu aweza kuona tanuru za udongo zilizosimama porini, nyingine zikikaribia urefu wa meta 3, zimejengwa kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa. Tanuru hizo kubwa, ziitwazo malungu, zilikuwa za kuyeyushia mawe ya chuma, nazo hazikutumia mivuo. Ziliachwa zivute upepo zenyewe kwa matundu yaliyotobolewa chini. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kina taka, basi kikatiwa katika tanuru ya pili, ndogo, iitwayo kintengwe, ambayo ndiyo iliyovuviwa kwa mivuo, na baada ya hapo mhunzi akakifua kikawa jembe. Msomaji apime mwenyewe ni akili ya namna gani iliyotakiwa kujua kipimo cha makaa, cha mawe na cha upepo, pasipo kitabu wala saa. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa watu wa heshima kubwa, nao waliilinda siri yao kwa dawa na kwa miiko.

Pamoja na chuma palikuwapo na nguo. Katika Ufipa na bonde la Rukwa watu walilima pamba, wakaisokota, wakaifuma katika mitambo ya miti waliyoitengeneza wenyewe. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita katika nchi hizi waliziona nguo hizo na kuziandika. Zilikuwa nzito na za kudumu, nazo ziliuzwa mbali na zilikofumwa. Basi hapa karibu nasi palikuwa na watu waliokwisha geuza akili na mikono yao kuwa biashara, wenye wateja wa vijijini na wa ng'ambo ya mabonde. Kisha wakatoweka.

Imekuwa desturi kusema kwamba nguo za kigeni zilizishinda nguo za wenyeji kwa uzuri. Ukweli una mambo zaidi. Tangu miaka ya 1830 hivi ilianza kufika Unguja nguo ya pamba kutoka Marekani, nayo watu wakaiita merikani, jina tulilonalo hata sasa. Baadaye zikaja na nguo za Uingereza na za Bara Hindi, hasa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, vya 1861 mpaka 1865, vilivyokatiza biashara yao. Nguo hizo ziliingia bara kwa misafara. Wapagazi walilipwa kwa nguo, chakula cha safari kilinunuliwa kwa nguo, watawala walitolewa hongo kwa nguo. Wabelgiji walipojenga kituo chao Karema mwaka wa 1879, kituo ambacho Mapadre Weupe walikipokea mwaka wa 1885, merikani ilikuwa imekwisha kuwa fedha ya njiani. Hapo ndipo ilipo siri. Mfumaji wa Ufipa alikuwa akiuza nguo. Mfanyi biashara wa pwani alikuwa akiuza nguo ambayo ni fedha vile vile. Mteja hakuacha nguo ya kienyeji kwa kuichukia, bali aliona kwamba kwa ile nyingine angeweza kununua chochote, popote, kwa mtu yeyote.

Kisha ikaja kodi ya nyumba. Wadachi waliitangaza mwaka wa 1897, na baada yake vijana wengi wa bara walikwenda mashambani, wengine hata katika katani ya Tanga, kutafuta fedha ya kulipa. Tanuru moja ya chuma yataka watu wengi wa kukata miti, kuchoma makaa, kuchimba mawe na kujenga. Watu hao walipoondoka, mkuu wa tanuru alibaki na siri yake na dawa zake, pasipo mikono. Majembe ya Ulaya yakaja madukani. Kufika miaka ya 1930 tanuru nyingi zilikuwa zimekwisha zimwa, na siri nyingi zilizikwa pamoja na wazee waliozilinda vizuri mno.

Nasema "vizuri mno" kwa makusudi. Kila fundi alisimama peke yake au na jamaa zake, akimwangalia jirani yake kuwa ni mshindani, hali mshindani wa kweli alikuwa kiwanda kilichokuwa ng'ambo ya bahari, ambacho yeye hakukijua wala chenyewe hakikumjua.

Tena ni ajabu ya historia kwamba viwanda hivyo hivyo vya nguo viliwaumiza kwanza mafundi wa nchi yao. Katika kaskazini ya Uingereza, mitambo ya mvuke iliwanyang'anya mkate wafumaji wa mkono miaka mingi kabla ya pigo hilo kufika Rukwa. Mji mmoja wa wafumaji hao, jirani ya Manchester, ni Rochdale. Huko, tarehe 21 Desemba 1844, watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka dogo la unga, siagi, sukari na mishumaa, kwa fedha waliyoichanga kidogo kidogo. Kanuni walizoziandika ndizo zilizozaa vyama vya ushirika karibu ulimwengu mzima, nasi tunazitumia hapa Ikola kila tunapogawana ziada na kila tunapopiga kura, mtu mmoja kura moja. Basi ushirika wenyewe ulizaliwa na mafundi waliokuwa wakizama. Yafaa walikumbuke jambo hili wale wanaodhani kwamba chama ni cha mwenye shamba tu.

Hata hivyo, ushirika ulipokuja Tanganyika ulikuja kwa njia ya mazao. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kijulikanacho kwa herufi KNCU, kikaandikishwa. Wakafuata wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa Viktoria, na wa tumbaku. Ni jambo la kueleweka: kahawa na pamba zilileta fedha za kigeni, nazo zilipimika kwa ratili. Fundi hakuonekana kwa macho ya sheria ile, ingawa haikumkataza.

Mfano wa kwanza wa fundi aliyeonekana twaupata kwa jirani zetu wa Kenya, na mzizi wake uko katika nchi yetu. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliwachukua watu wengi wa Kenya kuwa wapagazi wa jeshi, hilo jeshi la wapagazi lililoacha jina lake Kariakoo mjini Dar es Salaam. Mmoja wao alikuwa Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu katika nchi ya Machakos. Inasimuliwa kwamba akiwa Tanganyika aliwaona wachongaji wa pwani wakifanya kazi ya mpingo, akajifunza, na vita vilipokwisha akarudi kwao na ufundi huo. Wakamba walikuwa wachongaji tangu zamani, wa vigoda, vijiko na vibuyu. Lakini sanamu za kuuzwa kwa wageni zilianza kwake. Jamaa zake wakafuata, kisha kijiji, kisha vijiji.

Jambo la kutazama kwa Wakamba si uzuri wa sanamu zao, maana juu ya hilo watu hubishana, na wako wanaosema kwamba twiga elfu wanaofanana si sanaa. Jambo la kutazama ni namna walivyomfuata mteja. Hawakumngojea Wamunyu. Walimfuata Nairobi mahotelini, wakamfuata Mombasa gatini zilipotia nanga meli za abiria, na baada ya Vita Kuu ya pili wauzaji wao walikuwa wakisafiri nchi kwa nchi na mizigo ya sanamu. Kisha, mwaka wa 1963, wachongaji waliokuwa wamekaa Mombasa walianzisha chama chao cha ushirika huko Changamwe.

Kazi ya chama hicho ni somo zima. Kila mwanachama ana namba yake, na namba hiyo huandikwa katika kitu alichokichonga. Kitu huwekwa katika ukumbi mmoja wa kuuzia pamoja na vitu vya wenzake. Mgeni akiingia huona vitu vyote, huchagua apendacho, hulipa mahali pamoja. Namba husomwa, na fedha huandikwa kwa jina la mwenyewe, chama kikibakiza fungu lake kwa ajili ya uendeshaji. Mchongaji hana haja ya kuacha patasi yake na kukimbilia mlangoni kila gari linaposimama, wala hapunguzi bei kwa hofu kwamba jirani yake atapunguza zaidi. Na agizo kubwa likija kutoka Ulaya au Marekani, la vitu ambavyo mtu mmoja hangeweza kuvimaliza kwa mwaka mzima, hugawanywa kwa wengi, nalo hutoka kwa siku iliyoahidiwa. Mteja wa namna hiyo hanunui sanamu peke yake. Hununua pia ahadi ya siku, na fundi aliye peke yake ni nadra kuweza kuiuza.

Chama hicho kilipata taabu yake nacho. Miti ilikwisha. Mpingo ulikuwa haba, na muhugu wa misitu ya pwani ukakatwa hata ukaanza kutoweka. Tangu miaka ya 1990 wachongaji walihimizwa kutumia miti ipandwayo mashambani, hasa mwarobaini, na mwembe uliokwisha zeeka usizae. Wengine walinung'unika, kwa kuwa mwarobaini haukufanana na mti waliouzoea, lakini chama kilikuwa na uwezo wa kuzungumza na wenye mashamba na kuwaeleza wanunuzi wa nje sababu ya badiliko hilo. Naomba msomaji aliweke jambo hili la miti moyoni, maana litarudi.

Kwetu Tanganyika mafundi walipita njia nyingine, njia ya mfanyi biashara. Wachongaji wa Kimakonde, wengi wao wakiwa wametoka nyanda za Mueda ng'ambo ya mto Ruvuma, walifika Dar es Salaam na huko wakampata mnunuzi, Mohamed Peera, ambaye tangu miaka ya 1950 alinunua vinyago vyao na kuwatia moyo wabuni mitindo mipya. Katika siku hizo Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani, na Roberto Yakobo Sangwani akajulikana kwa vinyago vya watu waliopandana, vilivyokuja kuitwa ujamaa. Si haki kumbeza mnunuzi wa namna hiyo. Alijua soko, alilipa, na pasipo yeye huenda vinyago hivyo visingefika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Lakini kitabu cha wateja kilikuwa dukani kwake, si mikononi mwa wachongaji, na mwenye kitabu cha wateja ndiye mwenye biashara.

Sasa nafika kwa yule ambaye habari zake nazipenda kupita zote, maana alianza na karibu na si kitu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru. Hakupata elimu kubwa. Alifanya kazi katika mashamba ya katani ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam akafanya kazi za nyumbani na vibarua. Mwaka wa 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya mraba vya ubao laini wa kufunikia dari, na rangi ya mafuta ipakwayo nyumba na baiskeli. Alichora wanyama na ndege na mambo ya watu, kwa rangi zinazong'aa, na mkewe, Agatha Mataka, aliziuza picha nje ya duka la Morogoro Stores, huko Oyster Bay walikokaa wageni wengi.

Kila sehemu ya biashara hiyo ndogo ilichaguliwa kwa akili. Ubao ulikuwa rahisi na ulipatikana kila dukani. Rangi ilikauka upesi, ikang'aa. Picha ilikuwa ya kadiri ya kuchukulika safarini. Mahali palikuwa pale pale mteja apitapo akienda kununua mkate. Na kazi iligawanywa: mmoja alichora, mwingine aliuza. Mtu akiniambia kwamba Tingatinga alifaulu kwa kipaji tu, humwuliza kwa nini hakukaa na kipaji hicho nyuma ya nyumba.

Biashara ilipokua alifanya jambo ambalo wakuu wa tanuru za Ufipa hawakulifanya. Aliwaita vijana, wengi wao jamaa zake wa Tunduru, akawafundisha waziwazi. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde na Ajaba Abdallah. Kisha, mwaka wa 1972, Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka 4 hivi.

Miaka 4! Kwa kanuni ya kawaida ufundi ule ungalikufa siku ile. Haukufa, kwa kuwa siri haikuwa ya mtu mmoja. Wanafunzi wake waliendelea pale pale Morogoro Stores, kwanza kwa ushirikiano wa jina la mwalimu wao, kisha mwaka wa 1990 wakajiandikisha rasmi kuwa chama cha ushirika cha sanaa za Tingatinga. Wamekuja wachoraji wa kizazi cha pili na cha tatu, na jina la kijana wa Tunduru limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji. Wako wataalamu waliosema kwamba ni sanaa ya watalii. Sioni aibu katika neno hilo. Seremala anayemchongea mvuvi mtumbwi hufanya useremala wa wavuvi, na hakuna amlaumuye.

Lakini chama hicho hakikuweza kuzuia kila jambo. Picha za mtindo huo huuzwa Unguja, Arusha na Nairobi na watu wasiokuwa wanachama, nyingine zimechorwa ovyo. Sheria ya hakimiliki ya mwaka wa 1999 humlinda mchoraji asinakiliwe picha yake, bali mtindo hauna mwenyewe mbele ya sheria. Kinachobaki kumlinda fundi ni mahali panapojulikana, jina lililoandikwa nyuma ya picha, na sifa ya kwamba kitu kikiharibika yupo mtu wa kuulizwa.

Hapa ni lazima nitaje, kwa ufupi, mwaka wa 1976, ambapo Serikali iliviondoa vyama vikuu vya ushirika na kazi zao zikapewa vijiji na mashirika ya umma. Sheria ya 1982 ilivirudisha, na sheria tuitumiayo sasa ni ya 2013. Wazee wanaikumbuka miaka ile kwa sababu ya mazao. Kwa upande wa ufundi, shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka wa 1973, lilikuwa limeanza kuwakusanya mafundi na kuwapa zana na mafunzo, na ni jambo jema. Hata hivyo chama kilichoanzishwa kwa amri hufa kwa amri. Wachoraji wa Morogoro Stores walikuwa wakishirikiana kabla hawajapata karatasi, na nadhani ndiyo sababu karatasi iliwafaa walipoipata.

Turudi basi Ikola. Watalii si wengi hapa kwetu, wala sidhani kwamba yafaa tuanze kuchonga twiga. Mteja wetu yupo nasi: ni mvuvi, ni mchuuzi wa dagaa, ni mama mwenye nyumba, ni shule inayotaka madawati, ni msafiri anayeteremka pwani. Mbele ya macho yetu ipo biashara ya ufundi iliyo kubwa kuliko tunavyodhani, nayo ni mtumbwi. Fundi wa mitumbwi hubuni: hutazama mbao, huamua mkuku uwe wapi na mataruma yapinde kiasi gani, kisha hupigilia, hukalafati, na chombo hukaa juu ya maji ya Tanganyika, ambayo upepo wa kusi ukivuma hayamhurumii mtu. Walakini mara nyingi fundi huyo hufanya kazi bila mapatano yaliyoandikwa. Hupokea arabuni, huitumia kwa mbao za mtumbwi wa mteja wa kabla yake, kisha hutafuta arabuni nyingine ili amalizie ule wa pili. Mvuvi hungoja, msimu hupita, ugomvi huzuka. Si kwamba fundi ni mwongo. Hana fedha ya kuanzia kazi, na kwa hiyo kila mteja humlipia mteja aliyemtangulia.

Ugonjwa huo una dawa, nayo imo katika uwezo wa Umoja huu. Arabuni ikiwekwa chamani badala ya mfukoni mwa fundi, na mbao, misumari na rangi zikinunuliwa kwa jumla na kutolewa kwa daftari, mteja atajua fedha yake iko wapi, na fundi atajua faida yake ni kiasi gani. Namba ya fundi ichomwe kwa chuma cha moto katika ubao wa tezi, kama Wakamba wanavyoitia namba sanamu. Mtumbwi ukivuja kabla ya muda uliokubaliwa, namba itasema nani autengeneze. Wengine wataogopa namba hiyo. Fundi hodari ataitaka.

Kutengeneza vilivyokwisha tumika nako kusidharauliwe. Wazee wa pwani hii wanaikumbuka meli ya Liemba, iliyopita kwetu kwa miaka mingi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka wa 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza wakaiinua mwaka wa 1924 na kuirudisha kazini mwaka wa 1927. Miaka yake yote iliyofuata iliishi kwa mikono ya mafundi waliokuwa wakiitengeneza. Fundi anayeuza mtumbwi mpya humwona mteja mara moja katika miaka kadhaa. Fundi anayekalafati humwona kila mwaka.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwaka wa 2024, uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Mitumbwi inapokaa nchi kavu miezi mitatu ndio wakati hasa wa kuitengeneza, ndio wakati ambao mfumaji wa nyavu angepaswa kuwa na kazi usiku na mchana. Lakini ni wakati huo huo mvuvi hana fedha. Fundi mwenye muda na mvuvi mwenye chombo kibovu huketi kivulini wakitazamana. Umoja ukimkopesha mvuvi gharama ya matengenezo wakati wa kufungwa, na kukata fungu kwa fungu katika dagaa wake ziwa likifunguliwa, watu wawili watakuwa wamepata riziki kwa mkopo mmoja, nao mkopo wenyewe utakuwa na dhamana iliyolala mchangani mbele ya ofisi.

Imebaki miti. Mninga wa misitu ya Katavi ni mti wa kusifiwa, bali hukua polepole, na mtu aupandaye hatauvuna yeye. Misitu tuliyonayo haina haki ya kutumainiwa bila mwisho, kama vile Wakamba walivyoutumainia muhugu. Watu wa Changamwe waliamka wakati mti umekwisha kuwa haba, wakabadili mti na kubadili mkono. Sisi bado tuna nafasi ya kununua mbao zenye kibali kwa pamoja, na kupanda kwa pamoja.

Kwa hiyo nimemwandikia Katibu hoja ya kuingizwa katika mkutano mkuu ujao, kwamba Umoja ufungue sehemu ya mafundi, wenye daftari lao, mjumbe wao katika halmashauri, na banda lao moja karibu na pwani pa kuwekea kazi zilizokwisha na kupokelea maagizo. Maseremala, wafumaji wa nyavu, wasusi wa mikeka na vikapu, na vijana wanaochora maandishi na picha katika mitumbwi na maduka, wote wanaombwa wawahi kumpa Katibu majina yao, pamoja na bei wanazotoza sasa na muda wanaouhitaji kwa kila kazi, ili halmashauri iwe na hesabu ya kweli mkononi siku hoja itakaposomwa.